Karatasi, Scratch, Python au JavaScript: tuanze na ipi kufundisha programu sekondari?

Maabara yetu ya kompyuta ina mashine 21, zinazowaka ni 16, na mkondo mmoja wa kidato cha pili una wanafunzi 52. Shule iko upande wa Igoma, kwenye mteremko wa mawe kama ilivyo nusu ya jiji hili la Mwanza, na umeme ukikatika saa tatu asubuhi basi kipindi hicho kimekwenda. Natanguliza hesabu hiyo kwa sababu ulinganisho wa lugha za programu usioanza na idadi ya mashine na idadi ya watoto haumsaidii mwalimu wa huku. Anachokifurahia mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato mpya ni kitu kingine kabisa kwa watoto watatu wanaogawana kibodi ambayo herufi zake zimefutika.

Nimefundisha hatua za mwanzo za programu kwa njia nne: karatasi na manila bila kuwasha kompyuta yoyote, vipande vya rangi vya Scratch, Python, na kurasa za wavuti kwa HTML na JavaScript. Walimu wenzangu huniuliza ipi ni bora, na nimezoea kuwajibu kwa swali: mwanafunzi wako akikosea kwa mara ya kwanza, chombo hicho kitamwambia nini, na wewe utamfikia baada ya dakika ngapi? Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kwenye darasa la watoto 52, mwalimu hawezi kufika kila mahali. Kosa ndilo linalokaa na mtoto muda mrefu kuliko mwalimu.

Risiti ya dagaa

Ili nisilinganishe kwa maneno matupu, kila chombo nakipa kazi ileile. Mtu anauza dagaa kwa sado. Programu imuulize bei ya sado moja, izidishe mara 3, ionyeshe jumla. Mtoto yeyote wa huku anaielewa kazi hiyo kabla hujamaliza kuieleza; wengine wamelelewa na biashara hiyohiyo.

Mwaka nilioanza kutumia Python, msichana mmoja ambaye mama yake huchukua mzigo Mwaloni Kirumba na kuuza rejareja aliandika hivi, akiwa amekaa na wenzake wawili:

```
bei = input("Bei ya sado: ")
jumla = bei * 3
print(jumla)
```

Akaingiza 8000. Skrini ikamwandikia 800080008000. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, njoo uone. Mama angekuwa na hela hizi tusingekuwa tunaanika dagaa."

Wenzake walicheka, lakini yeye hakuiacha. Alitaka kujua imetoka wapi. Nikamwambia aitazame tena hiyo namba, aisome kwa kuikata vipande. Akaikata kwa kidole juu ya skrini: elfu nane, elfu nane, elfu nane. Kompyuta ilikuwa imefanya alichoambiwa. Chochote kinachoingia kupitia input, Python hukipokea kama maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa 3 huandikwa mara tatu. Ili yawe namba lazima umwambie: int(input("Bei ya sado: ")). Siku hiyo nilifundisha aina za data kwa dakika kumi, na hakuna aliyesinzia.

Baadaye niliwapa wengine kazi hiyohiyo kwenye Scratch na JavaScript, bila kuwaonya. Haya ndiyo yanayotokea, na unaweza kuyajaribu mwenyewe leo:

| Mtumiaji anaandika | Scratch | Python bila int | JavaScript |
|---|---|---|---|
| 8000, kisha kuzidisha kwa 3 | 24000 | 800080008000 | 24000 |
| 8000, kisha kujumlisha 500 | 8500 | inakataa, inatoa TypeError | 8000500 |
| 8,000 yenye mkato, kisha kuzidisha kwa 3 | 0 | 8,0008,0008,000 | NaN |

Mstari wa tatu ndio wa kukaa nao, kwa sababu huku kwetu mtu akiandika elfu nane huweka mkato. Ndivyo bei zinavyoandikwa dukani na kwenye stakabadhi. Scratch ikiona mkato huo inashindwa kuitambua namba, inaichukulia kuwa sifuri, na inaendelea na kazi kimya. Python yenye int inagoma palepale, inataja mstari uliokosewa na kile ilichoshindwa kukisoma. JavaScript inatoa neno NaN, maana yake hii si namba, bila kusema imetoka mstari upi.

Mtoto anayeanza anahitaji kipi kati ya hivyo vitatu? Jibu langu hubadilika kulingana na umri, na hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapoanzia.

Scratch

Scratch ilitoka 2007, kazi ya kundi la Mitchel Resnick kwenye maabara ya MIT huko Marekani. Huandiki, unaburuta vipande na kuvipachika. Kipande kisichostahili mahali fulani hakishiki, kwa hiyo makosa ya alama, mabano na nukta hayapo kabisa. Kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa kibodi hiyo ni ahueni kubwa. Nimewahi kupima kwa saa: kidato cha kwanza wengi huchukua dakika nne kuandika mstari mmoja wa Python wenye mabano na alama za nukuu, nyingi zikiishia kutafuta kitufe cha Shift. Kwenye Scratch, ndani ya robo saa paka wa kwenye skrini anatembea na darasa zima linapiga kelele za furaha.

Mradi ninaoutumia ni mtumbwi unaovuka kutoka upande wa kushoto wa skrini kwenda Kamanga, upande wa kulia. Ukigusa jiwe unarudi mwanzo. Watoto huchora jiwe lenyewe, na karibu wote huchora Jiwe la Bismarck bila kuambiwa. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, katikati ni sifuri kwa sifuri, kushoto kabisa ni hasi 240. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha kwanza aliniambia kwamba baada ya mtumbwi ule hakupata tena shida ya kueleza namba hasi kwenye mhimili wa x, maana walishaziona zikisukuma chombo kurudi nyuma.

Kiswahili nacho kimo kwenye orodha ya lugha za Scratch. Watoto wetu hutoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili na kutua kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Miezi ile ya mwanzo, mtoto anapambana na somo na lugha kwa pamoja, na mara nyingi mwalimu hajui kipi kimemshinda. Mimi huanza na Scratch ya Kiswahili. Wiki ya nne nafungua orodha ya lugha pale juu, nageuza kuwa Kiingereza, na programu yao waliyoijenga wenyewe inabaki palepale: rangi zilezile, mpangilio uleule, maneno tu yamebadilika. Darasa hunyamaza kwa muda, kisha unasikia wananong'onezana, "Kumbe hii ndiyo ile ya rudia." Sijaona somo la msamiati linaloingia kirahisi namna hiyo.

Sasa upande wa pili. Ile sifuri ya kimya ni tatizo kweli. Mvulana mmoja alimaliza kipindi kizima akitafuta kosa kwenye vipande vyake, kumbe vipande vilikuwa sawa na kosa ni mkato alioingiza yeye. Chombo hakikumpa hata dokezo. Tena programu ikipanuka, skrini inajaa vipande hadi mwenye kazi mwenyewe hajui pa kuanzia kusoma.

Na lipo la heshima. Kidato cha tatu huniambia wazi: "Mwalimu, hii si ya wadogo zetu?" Wana miaka kumi na sita, kumi na saba, na wameona watu mtandaoni wakiandika programu kwa maandishi kwenye skrini nyeusi. Kuwalazimisha paka ni kupoteza nusu yao. Sibishani nao juu ya hilo.

Hofu kwamba anayeanza na vipande atachelewa baadaye haina msingi mkubwa. Watafiti David Weintrop na Uri Wilensky walilinganisha madarasa kwenye sekondari moja ya Marekani, kundi moja likianza na vipande na jingine na maandishi. Matokeo waliyoyachapisha 2017 yalionyesha kwamba baada ya wiki 5 waliotumia vipande walikuwa wamejifunza zaidi na walikuwa na hamu zaidi ya kuendelea na masomo ya kompyuta. Wote walipohamia Java (lugha ya maandishi, si JavaScript) kwa wiki 10, tofauti hiyo ikafutika. Mimi nasoma hivi: vipande havimcheleweshi mtoto, ila pia havimpi mtaji wa kudumu ukimwachia hapohapo. Unavitumia ili asikate tamaa mwezi wa kwanza.

Python

Python ilitolewa 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Kwa darasa letu faida yake kubwa ni ufupi. Salamu ya kwanza ni mstari mmoja, na wanafunzi wangu huandika print("Mwangaluka") kwa sababu ndiyo salamu ya asubuhi ya nyumbani kwa wengi wao. Maneno maalumu ya lugha nzima ni 35, na kidato cha pili anahitaji kama kumi tu kati yake kwa muhula wa kwanza. Tunayabandika ukutani, kila neno na maana yake ya Kiswahili, na baada ya wiki mbili hakuna anayelitazama bango.

Kuna bango jingine ambalo kwangu ndilo la maana zaidi: bango la makosa. Python ikikwama inamwaga mistari kadhaa ya Kiingereza, na mtoto akiiona anasema "imegoma" na kusukuma kiti nyuma. Nawafundisha sheria moja: soma mstari wa mwisho kwanza. Kisha linganisha na bango. NameError, umetaja jina ambalo hujalitambulisha, mara nyingi ni tahajia. SyntaxError, sentensi yako haijakamilika, angalia mabano. IndentationError, nafasi za mwanzo wa mstari hazijapangwa. TypeError, unachanganya vitu vya aina mbili. ValueError, aina ni sawa lakini ulichoingiza hakisomeki, kama ule mkato wa elfu nane.

Kabla ya bango nilikuwa nakimbia kutoka meza moja hadi nyingine kama mhudumu wa mgahawa. Baada ya bango, theluthi mbili ya mikono inayonyooshwa hushuka yenyewe kabla sijafika. Ndiyo maana naipenda Python kwa darasa kubwa: kosa lake lina sauti, na mtoto anaweza kufundishwa kuisikiliza sauti hiyo.

Kihariri, yaani programu ya kuandikia, ninachoshauri ni Thonny, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mahsusi kwa wanaoanza. Kinafungua dirisha dogo linaloonyesha kila kibadilika, yaani jina linalobeba thamani kama bei, na thamani yake kwa wakati huo, na kinaweza kuendesha programu hatua moja moja huku ukiona namba inavyobadilika. Yule msichana wa dagaa angeona kwenye dirisha lile kwamba bei yake imefungwa kwa alama za nukuu, yaani ni maandishi. Jambo jingine ambalo ni la hapa kwetu: Thonny huhifadhi faili kila unapoendesha programu. Umeme ukikatika, unapoteza mistari uliyoandika tangu ulipoendesha mara ya mwisho, basi. Scratch iliyosakinishwa kwenye mashine haihifadhi mpaka uamuru mwenyewe, na nimeona watoto wakilia kweli kwa ajili ya hilo.

Njia ya ufundishaji nayo inahesabika. Mtafiti wa Uingereza, Sue Sentance, amependekeza mpangilio ambao kwa Kiswahili nauita tabiri, endesha, chunguza, badili, tengeneza. Mwanafunzi hapewi skrini tupu. Anapewa programu fupi iliyokamilika, anaandika kwenye daftari anachotarajia kuona, ndipo anaiendesha. Kwa watoto watatu kwenye mashine moja hii ni dawa, maana wawili wasioshika kibodi wana kazi ya kufanya na wana ubishi wa kumaliza. Sisi hubadilishana nafasi kila dakika kumi: mshika kibodi, msomaji, mwandishi. Nashika saa mwenyewe, la sivyo wavulana hukaa kwenye kibodi kipindi kizima na wasichana hubaki waandishi. Hilo nililikuta darasani kwangu na lilinichukua muhula kuliona.

Daraja kati ya Scratch na Python lipo ndani ya Python yenyewe, ni kobe wa kuchora anayeitwa turtle. Wazo lake ni la zamani, linatokana na lugha ya Logo ya mwaka 1967 iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Mwambie achore tanga la mtumbwi, pembetatu yenye pande sawa. Watoto wote huandika ageuke nyuzi 60, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kuhusu pembe za pembetatu, na mchoro unakataa kufunga. Jibu ni 120, kwa kuwa kobe anageuka kwa pembe ya nje. Simama kwenye ubao mwenyewe, tembea pembetatu kwa miguu, na utaona wanavyoelewa.

Bila kompyuta

Watu hudhani hii ni njia ya maskini. Chimbuko lake ni Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, miaka ya 1990, na Bell ni wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ambako kompyuta hazikuwa haba. Walitaka mawazo ya sayansi ya kompyuta yaeleweke kabla ya mashine kuingilia.

Kadi tano zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16 zinatosha kufundisha namba za jozi (binary, zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu): wanafunzi watano mbele ya darasa, kila mmoja anaonyesha au anaficha kadi yake, na kwa kadi hizo unapata kila namba kuanzia 0 hadi 31. Utafutaji kwa kukata katikati nafundisha kwa orodha ya mahudhurio: majina 100 yaliyopangwa kwa alfabeti, na popote jina lilipo utalipata kwa kutazama majina yasiyozidi 7. Nakumbuka darasa lilivyokataa kuamini, wakachagua jina gumu wao wenyewe, wakahesabu kwa sauti, wakafika sita.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Kwenye karatasi hakuna kosa. Mwanafunzi anayeigiza kompyuta ni binadamu, anaelewa ulichokusudia na kukuzibia mapengo. Ukimwambia "funga dirisha" atafunga, hata kama hukusema lipi. Nimejaribu kumpa mwigizaji amri ya kuwa mkaidi, afanye kilichosemwa tu, na hapo somo linakuwa zuri sana, lakini lazima upate mwanafunzi mwenye moyo huo. Kwa kipimo changu cha kosa la kwanza, karatasi peke yake haitoshi. Kwa siku ya umeme kukatika, haina mpinzani.

HTML na JavaScript

Hapa nitapita haraka. Huhitaji kusakinisha kitu, Notepad na kivinjari vinatosha hata kwenye mashine mbovu kabisa, na mtoto akiona ukurasa wenye jina la shule yake na picha ya sato aliyoipiga mwenyewe, anaringa wiki nzima. Kwa klabu ya kompyuta au kazi ya likizo ni chaguo zuri.

Kama lugha ya kwanza ya programu, siishauri. HTML hupanga ukurasa tu, haina masharti wala marudio. JavaScript inayo, ila makosa yake hujificha: ukurasa unabaki mweupe, na ujumbe wa kosa uko kwenye dirisha ambalo mtoto lazima alifungue kwa F12. Ile 8000500 ya kwenye jedwali niliwahi kuiona imekaa kwenye mradi wa mwanafunzi wiki mbili bila yeye kujua, kwa kuwa hakuna kilichogoma.

Java na C++ ninaziweka kwa wanaokwenda kidato cha tano na sita, na kwa yeyote ambaye muhtasari wa mtihani wake umezitaja. Muhtasari ukitaja lugha, anza kuhesabu wiki kutoka siku ya mtihani kurudi nyuma kabla hujapenda kitu kingine.

Angalia mashine zako kabla hujaamua

Kompyuta nyingi za msaada zinazofika kwenye shule zetu zina Windows 7. Hilo peke yake linaweza kukuchagulia. Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8, sakinisha 3.8.10, kisakinishi chake kiko chini ya MB 30. Thonny nayo ina toleo lililofungwa pamoja na Python 3.8 kwa ajili ya mashine za namna hiyo, na ndilo ninalolitumia. Unachokosa ni ujumbe bora wa makosa, kwani kuanzia 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, Python hueleza kosa kwa uwazi zaidi, kwa mfano inakwambia ni bano gani halikufungwa. Bango langu la ukutani linafidia sehemu ya hilo.

Scratch 3 ya kusakinisha inataka Windows 10 kwenda juu. Kwenye mashine za zamani zaidi unaweza kutumia Scratch 1.4. Hiyo inafanya kazi vizuri kwa mtumbwi na mawe, lakini haikuruhusu kutengeneza vipande vyako mwenyewe. Uwezo huo uliingia na toleo la 2.0 mwaka 2013.

Kuhusu simu: wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu ya darasa. Wakati wa likizo, mwenye kuazima simu ya mzazi anaweza kutumia Pydroid 3 na kuendelea na Python. Kuandika mabano kwenye simu kunachosha; wape kazi ya mistari kumi, isizidi.

Ningechagua hivi

Kidato cha kwanza, ambao hawajawahi kugusa kibodi: wiki tatu za karatasi huku wakijifunza kuandika kwa kibodi pembeni, wiki sita za Scratch, nusu ya kwanza kwa Kiswahili na nusu ya pili kwa Kiingereza, kisha kobe wa Python. Usivuke mwaka ukiwa bado kwenye Scratch.

Kidato cha tatu, au klabu ya wanafunzi wakubwa walioomba wenyewe: Python siku ya kwanza, ndani ya Thonny, na bango la makosa liwe ukutani kabla hawajaingia. Risiti ya dagaa iwe kazi ya kwanza, na usiwaonye kuhusu int. Waache wapate bilioni zao.

Shule yenye kompyuta moja na projekta: karatasi na Python pamoja. Wewe endesha, wao watabiri kwenye madaftari, kila kipindi mwanafunzi mmoja aje kushika kibodi mbele. Scratch kwa kompyuta moja huwa sinema. Wanafurahi lakini hakuna anayejenga.

Mwalimu ambaye hajawahi kuandika programu na amepangiwa somo hili wiki hii, kama nilivyopangiwa mimi: Scratch, bila aibu. Utakuwa mbele yao kwa wiki mbili tu na hiyo inatosha. Jioni, jifunze Python.

Kwa vyovyote utakavyochagua, nenda mahali penye intaneti nzuri mjini na flashi moja. Pakua Thonny ya Python 3.8, Scratch inayolingana na mashine zako, kisha weka humo faili la risiti la mistari mitatu uliloliandika mwenyewe. Sakinisha kwenye mashine mbili kwanza, siku ambayo hakuna kipindi, na uingize 8,000 yenye mkato kabla mwanafunzi hajakufanyia hivyo.